Dhana ya Vita vya Milele baina ya Warumi na Waajemi

Katika vitabu vingi vya historia, na zaidi katika hotuba na makala zinazotafuta asili ya migogoro ya leo ya Mashariki ya Kati, vita vilivyopiganwa baina ya Dola ya Rumi ya Mashariki na Dola ya Uajemi tangu karne ya 3 hadi karne ya 7 huelezwa kuwa mapambano ya milele: Magharibi dhidi ya Mashariki, Ukristo dhidi ya Umajusi, ustaarabu mmoja dhidi ya mwingine, huku kila upande ukiingoja siku ya kumfuta mwenzake. Dhana hiyo huvutia kwa sababu ni nyepesi kukumbukwa, na kwa sababu ushindani huo ulimalizika kwa namna inayoelekea kuithibitisha, yaani kwa kutekwa Yerusalemu mwaka 614, kuchukuliwa kwa Msalaba ambao Wakristo waliamini kuwa ndio aliosulubiwa Yesu, na kuvunjwa kwa hekalu kubwa la moto la Waajemi miaka michache baadaye. Hata hivyo ni dhana potofu, na upotofu wake si wa jambo dogo, kwa maana inaichukua miaka 26 ya mwisho na kuifanya kipimo cha karibu miaka 400 iliyotangulia.

Dola mbili zinazohusika zinahitaji kutambulishwa kwanza. Ile ambayo wataalamu wa baadaye waliipa jina la Bizanti ilijiita yenyewe Rumi, na raia wake, ingawa wengi walizungumza Kigiriki na makao yao makuu yalikuwa Konstantinopoli, walijiita Warumi hadi mwisho. Ile ya pili ilitawaliwa na ukoo wa Wasasani, ambao Ardashir I aliuweka madarakani mwaka 224 baada ya kuwapindua Waparthi. Mtawala wake aliitwa Shahanshah, maana yake mfalme wa wafalme, na dini ya dola ilikuwa Umajusi, yaani imani ya Ahura Mazda iliyofundishwa na Zarathustra, ambayo ibada zake hufanyika mbele ya moto mtakatifu. Mpaka wao ulikata nchi iliyo kati ya mito Frati na Hidekeli, ukapanda hadi milima ya Armenia na Caucasus, na katika mpaka huo ndimo ilimokuwa miji ya Nisibis, Amida, Edessa na Dara, ambayo majina yake yanarudiwa karibu katika kila simulizi ya vita hivyo.

Wanaodai kwamba chanzo cha uadui kilikuwa dini wanapaswa kueleza kwanza jambo moja gumu kwao: baadhi ya mapigano makali kuliko yote yalitokea pale ambapo hapakuwa na Mkristo yeyote kwenye kiti cha enzi cha Rumi. Kaisari Valerian, aliyekamatwa mateka na Shapur I karibu na Edessa mwaka 260, alikuwa yeye mwenyewe mtesaji wa Wakristo. Galerius, aliyemshinda mfalme Narseh mwaka 298 na kuilazimisha Uajemi kutoa ardhi ng'ambo ya Hidekeli, anakumbukwa katika historia ya Kanisa kwa mateso makubwa aliyoyachochea miaka michache baadaye. Julian, aliyeongoza jeshi kubwa hadi kwenye kuta za Ctesiphon, makao makuu ya Waajemi, na kuuawa katika safari hiyo mwaka 363, alikuwa ameukana Ukristo na kurejea miungu ya mababu. Kinyume chake, Jovian, Mkristo aliyemrithi jeshini siku iliyofuata msiba huo, ndiye aliyetia sahihi mkataba ulioikabidhi Nisibis kwa Waajemi ili aliokoe jeshi lake lenye njaa. Wakristo wa mji huo walilia kwa haki, na mshairi Ephrem alikuwa miongoni mwa waliohamia Edessa. Lakini aliyetoa mji alikuwa mwenzao katika imani, na aliupima kwa hesabu ya serikali.

Halafu kuna karne ya 5, ambayo watetezi wa vita vya milele huipita kimyakimya. Tangu dola hizo zilipogawana Armenia, yapata mwaka 387, hadi mwaka 502, yaani kwa muda wa zaidi ya miaka 110, zilipigana mara mbili tu: mwaka 421 hadi 422, na tena kwa muda mfupi mwaka 440. Vita vya kwanza kati ya hivyo viwili vilichochewa kweli na mateso waliyotendewa Wakristo wa Uajemi, na hakuna haja ya kulificha hilo, lakini viliisha upesi bila mpaka kusogea. Wakati huohuo Warumi walikuwa wakipambana na Wahuni na Wagoti upande wa Ulaya, na Waajemi walikuwa wakipambana na Waheftali, wapanda farasi wa Asia ya Kati ambao mwaka 484 walimuua mfalme Peroz pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Kama kweli kila upande ungekuwa unavizia nafasi ya kumwangamiza mwenzake, mwaka 484 ungekuwa nafasi ya pekee kwa Warumi. Hawakuitumia, wala hakuna dalili kwamba walifikiria kuitumia.

Vita viliporudi mwaka 502 sababu yake ilikuwa fedha, na vyanzo vya wakati huo vinasema hivyo waziwazi. Mfalme Kavad alikuwa na deni kwa Waheftali waliomsaidia kurudi madarakani. Alimwomba Kaisari Anastasius dhahabu, akakataliwa, akaivamia Armenia ya Kirumi na kisha kuuzingira Amida, ulioanguka mwanzoni mwa mwaka 503. Nyuma ya ombi hilo lilikuwako dai la zamani zaidi, kwamba Warumi wachangie gharama za kulinda njia za milima ya Caucasus, ambazo watu wa nyika za kaskazini walizitumia kuvamia nchi zote mbili. Dai hilo halikuwa la adui anayetaka kummaliza adui. Lilikuwa la jirani anayeona kwamba analipia peke yake ukuta unaowalinda wawili. Warumi walijibu kwa kujenga ngome ya Dara karibu kabisa na Nisibis, jambo ambalo Waajemi waliliona kuwa uvunjaji wa makubaliano ya awali, na kwa miongo iliyofuata mzozo ulizunguka dhahabu, Dara na ulinzi wa Caucasus.

Kuanzia hapo hesabu zinajieleza. Mwaka 532 Justinian alinunua mkataba ulioitwa Amani ya Milele kwa ratili 11,000 za dhahabu. Mwaka 540 Khosrow I, ambaye wasomaji wa sira humjua kwa jina la Kisra Anushirwan, aliivunja amani hiyo wakati majeshi ya Warumi yalipokuwa yamezama katika vita vya Italia, na safari yake ya kuingia Shamu inafanana na ya mkusanyaji wa kodi kuliko ya mpiganaji wa imani: alipokea ratili 2,000 za fedha kutoka Hierapolis na ratili 200 za dhahabu kutoka Edessa, na mji uliolipa kiasi alichodai uliachwa. Antiokia haikulipa, nayo iliteketezwa, na maelfu ya watu wake walihamishiwa mji mpya uliojengwa kwa ajili yao karibu na Ctesiphon. Ukatili huo haupaswi kupunguzwa uzito. Lakini katika safari hiyohiyo Khosrow alisimama Apamea, akaagiza mashindano ya magari ya farasi yafanyike katika uwanja wa mji, akakaa kama Kaisari anavyokaa, na akashabikia kundi la Kijani kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Justinian anashabikia kundi la Bluu. Mfalme aliyefanya hivyo alikuwa akishindana na Kaisari kwa heshima ndani ya ulimwengu mmoja ambao wote wawili waliufahamu vizuri.

Ushahidi mzito kuliko wote ni mkataba wa mwaka 562, na inasikitisha kwamba vitabu vya jumla huutengea sentensi moja. Uliafikiwa katika eneo la Dara baina ya Peter, waziri wa Justinian, na Yazdgushnasp, mjumbe wa Khosrow, na mwanahistoria Menander ameyahifadhi masharti yake kwa kirefu. Warumi walikubali kulipa sarafu 30,000 za dhahabu kila mwaka kwa miaka 50, wakitanguliza malipo ya miaka saba ya mwanzo. Kwa kuwa ratili moja ilitoa sarafu 72, kiasi hicho kilizidi kidogo ratili 400, yaani takribani mara mbili ya kile ambacho mji mmoja wa Edessa ulikitoa mwaka 540. Waajemi, kwa upande wao, walijifunga kuwazuia Wahuni na Waalani kupita katika milango ya Caucasus. Waarabu waliokuwa washirika wa kila upande walikatazwa kushambulia. Wafanyabiashara walitakiwa kupita katika vituo vya forodha vilivyotajwa tu, na wale waliojaribu kukwepa ushuru kwa kupenya jangwani walipaswa kukamatwa. Mabalozi walihakikishiwa kupokelewa kwa heshima na kurudi bila kucheleweshwa. Madai ya watu binafsi wa pande mbili yalipangiwa waamuzi mpakani. Na fidia iliwekwa kwa mji ulioudhuru mji wa upande mwingine bila vita.

Namna mkataba huo ulivyoandikwa inafundisha kama masharti yenyewe. Uliandaliwa kwa Kigiriki na kwa Kiajemi, kila nakala ikafasiriwa katika lugha ya pili, maneno yakalinganishwa ili yalingane uzito, na wakalimani 12, sita wa kila upande, wakahusika katika kazi hiyo kabla nyaraka hazijatiwa muhuri. Utaratibu wa namna hii haubuniwi katika msimu mmoja. Unaonyesha kuwapo kwa makarani, kumbukumbu, sheria za itifaki na imani ya pande zote mbili kwamba maandishi yatakuja kusomwa na kudaiwa. Wakristo wa Uajemi walipewa hati yao ya pekee: waliruhusiwa kujenga makanisa, kuabudu bila hofu na kuzika wafu wao, kwa sharti kwamba wasiwageuze Wamajusi. Dini, basi, ilikuwa suala mojawapo mezani, nalo lilijadiliwa na kupatiwa masharti kama yalivyojadiliwa masuala ya forodha na ngome.

Wapinzani wa hoja hii watataja mashahidi, na ni lazima wajibiwe, kwa sababu damu ile ilimwagika kweli. Katika karne ya 4, chini ya Shapur II, maaskofu na waumini wengi waliuawa, na Kaisari Constantine alikuwa ameshajitangaza mapema kuwa mlezi wa Wakristo wa Uajemi, tangazo lililowafanya watiliwe shaka na mfalme wao. Lakini mgogoro wa Shapur na Simeon, askofu wa Ctesiphon, ulianza pale Simeon alipokataa kukusanya kutoka kwa Wakristo kodi maradufu iliyotakiwa kwa ajili ya vita. Aliadhibiwa kama kiongozi wa raia wanaoshukiwa kuwa wasaliti. Mwaka 410, chini ya Yazdgerd I, maaskofu wa Uajemi walikutana Ctesiphon kwa idhini ya mfalme, na Marutha, askofu aliyekuja kama mjumbe wa Warumi, alisaidia kuandaa mkutano huo. Kutoka hapo likakua Kanisa la Mashariki, lenye kiongozi wake aitwaye katholiko na mafundisho yake, na mwaka 424 maaskofu wake waliamua kwamba hawatapeleka tena mashauri yao kwa maaskofu wa nchi za Kirumi. Na Kaisari Zeno alipoifunga shule ya theolojia ya Edessa mwaka 489 kwa kuishuku uzushi, walimu wake walipata nafasi ya kuendelea na kazi yao Nisibis, katika ardhi ya mfalme Mmajusi. Ndivyo pia ilivyokuwa kwa wanafalsafa wa Athens baada ya Justinian kupiga marufuku mafundisho yao: walikwenda kwa Khosrow I, na ingawa hawakuridhika na maisha ya huko, mfalme huyo aliweka katika mkataba sharti la kuwalinda watakaporudi nyumbani. Mpaka unaodaiwa kutenganisha imani mbili ulikuwa ukivukwa na watu waliokimbia ukali wa watu wa imani yao wenyewe.

Upande wa Bahari ya Shamu, karibu zaidi na pwani yetu ya Afrika, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Baada ya mauaji ya Wakristo wa Najran, mji wa kusini mwa Arabuni, mfalme Kaleb wa Aksum, Mkristo, alivuka bahari yapata mwaka 525 na kuiteka Himyar, yaani Yemen ya leo, kwa msaada wa meli kutoka kwa Warumi, na hapo dini ilikuwa na sehemu yake isiyokanika. Justinian alitaka kuitumia nafasi hiyo: alituma mjumbe kuwaomba Wahabeshi wa Aksum, kwa jina la imani moja, wanunue hariri kutoka kwa Wahindi na kuwauzia Warumi, ili dhahabu ya Rumi isiendelee kuingia mikononi mwa Waajemi. Mpango ulishindwa, kwa maelezo ya mwanahistoria Procopius, kwa sababu wafanyabiashara wa Kiajemi walikuwa tayari katika bandari ambazo meli za Kihindi zilifikia kwanza, na walizoea kununua shehena nzima. Undugu wa imani haukuweza kushindana na mtaji, ujirani na mazoea ya biashara, na Kaisari mwenyewe, kwa kuutumia kutafuta hariri ya bei nafuu, alionyesha alichokuwa akikitafuta.

Mwaka 590 tukio lisiloweza kupatana na dhana ya vita vya milele lilitokea. Jemadari Bahram Chobin aliasi, mfalme Hormizd IV akapinduliwa, na mwanawe Khosrow II akakimbilia kwa Warumi kuomba msaada. Kaisari Maurice, ambaye nchi yake ilikuwa vitani na Uajemi kwa karibu miaka 20, angeweza kumfunga, kumuuza au kumwacha huku Waajemi wakimalizana wao kwa wao. Alichofanya ni kumpa jeshi na fedha, na mwaka 591 majeshi ya Warumi na ya Waajemi watiifu yakapigana bega kwa bega na kumrudisha kwenye kiti chake. Warumi walilipwa kwa Dara na sehemu kubwa ya Armenia, kwa hiyo ukarimu huo haukuwa wa bure; hata hivyo mwanahistoria Theophylact anamwonyesha Khosrow akimwandikia Maurice kwamba dola hizo mbili ni kama macho mawili ya ulimwengu. Hata tukichukulia kuwa maneno hayo yalipambwa na mwandishi, yalikuwa ni lugha ambayo wasomaji wa wakati huo waliiona kuwa ya kawaida baina ya wafalme walioitana ndugu.

Vita vya mwisho, basi, vinahitaji kuelezwa kama kuvunjika kwa mazoea hayo, na si kama kilele chake. Mwaka 602 Phocas, afisa wa jeshi la Warumi, alimuua Maurice pamoja na wanawe na kujitwalia madaraka. Khosrow alipata sababu ya kisheria, ya kumlipizia kisasi mfadhili wake, na nafasi ya kurudisha alichokitoa mwaka 591. Kwa miaka kadhaa alipigania ngome zilezile za mpakani kama babu zake; lakini Dola ya Rumi, ikiwa imegawanyika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi Heraclius alipomwondoa Phocas mwaka 610, ilibomoka kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Uamuzi wa hatari ulifanyika mwaka 615. Jeshi la Shahin, jemadari wa Kiajemi, lilipofika Chalcedon, ng'ambo ya bahari kutoka Konstantinopoli, baraza la Warumi lilituma wajumbe watatu na barua ya unyenyekevu mkubwa, likimwomba Khosrow amtambue Heraclius na amtendee kama mwana. Khosrow aliwafunga wajumbe, na walifia kifungoni. Hapo ndipo, pengine kwa mara ya kwanza, Shahanshah alipokataa kuwapo kwa mtu wa kuzungumza naye upande wa pili, na aliyekataa ni yuleyule aliyerudishiwa taji na Kaisari.

Je, hata hivyo vilikuwa vita vya Umajusi dhidi ya Ukristo? Mke mpendwa wa Khosrow, Shirin, alikuwa Mkristo. Msimamizi wake wa kodi, Yazdin, alikuwa Mkristo wa Kanisa la Mashariki. Katika Yerusalemu iliyotekwa, ambako kaburi la halaiki lililofukuliwa Mamilla linashuhudia mauaji ya kutisha, mtawa Modestus aliruhusiwa kuyatengeneza makanisa chini ya utawala wa Waajemi. Katika miji ya Shamu Waajemi waliwaondoa maaskofu walioufuata Mtaguso wa Chalcedon wa mwaka 451, ulioungwa mkono na Kaisari, na kuwapa nafasi wapinzani wao, waumini wa asili moja ya Kristo. Hiyo ni siasa ya mtawala anayetaka Wakristo wamtii, na asiyekusudia kuwamaliza. Upande wa Heraclius, mahubiri ya vita vitakatifu yalikuwapo kweli, na askari waliahidiwa taji la mashahidi. Lakini yalipamba moto wakati hazina ilipokuwa tupu kiasi kwamba vyombo vya dhahabu na fedha vya makanisa vilichukuliwa ili kutengenezwa sarafu, na mshirika aliyegeuza mizani mwaka 627 alikuwa ni Waturuki wa nyika, ambao hawakuwa Wakristo.

Wasomaji Waislamu hukutana na vita hivi katika sura ya 30 ya Kurani, Surat ar-Rum, inayotaja kushindwa kwa Warumi katika nchi ya karibu na kubashiri ushindi wao ndani ya miaka michache, na wafasiri hueleza kwamba washirikina wa Makka walifurahia ushindi wa Waajemi hali Waislamu waliwaelekea Warumi kwa kuwa ni Watu wa Kitabu. Habari hiyo ni ya thamani kwa kuonyesha jinsi vita hivyo vilivyotazamwa na watu waliovisikia kwa mbali. Lakini inahusu vita vya wakati mmoja, na kuifanya muhtasari wa karne nne ni kuibebesha isichokisema. Hatari ya kufanya hivyo si ya kitaaluma pekee, maana wapo wanaochukua kutoka katika historia hii somo kwamba watu wa dini mbili wakipakana watapigana tu, na hulitumia kuhalalisha vita vya sasa kana kwamba ni deni la kurithi.

Heraclius alishinda karibu na Ninawi Desemba 627, Khosrow akapinduliwa na watu wake mwenyewe mwezi Februari 628, na mmoja wa waliosuka njama hiyo alikuwa Shamta, mwana wa Yazdin. Mshindi hakudai kuifuta Uajemi wala kuwabatiza watu wake. Alidai ardhi iliyochukuliwa, mateka na Msalaba, kisha akarudi. Mwaka 630, mwaka uleule Msalaba uliporudishwa Yerusalemu, malkia Boran, binti wa Khosrow II, alituma ujumbe kwa Heraclius ili kuthibitisha amani, na mkuu wa ujumbe huo alikuwa katholiko Ishoyahb II, kiongozi wa Wakristo wa Uajemi. Alikutana na Kaisari katika mji wa Aleppo, na vyanzo vya Kanisa la Mashariki vinasimulia kwamba aliongoza ibada mbele yake na kumpa komunyo.